Kupima Kisima Kabla Hakijaamka

Simu ilinikuta sokoni Mwanga, hapa Kigoma, nimeinama kwenye fungu la nyanya, nimeshika moja naibonyezabonyeza huku muuzaji ananikata jicho. Namba ilikuwa ya nje. Mimi namba za nje sipokei, maana kila anayenipigia kutoka nje ananiambia nimeshinda gari, na kwa magoti haya nikishinda gari nitaliendeshea wapi? Lakini siku ile nikapokea. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kina ule mkunjo wa Kirundi. "Shikamoo mama. Wewe ndiye Mwavita? Mwavita wa kupima maji?" Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo. Siku hizi naitwa Bibi Mwavita, au Mama Maandazi, kutegemea nani ananidai chai. Nikasema marahaba, ndiye. "Mimi Nadine, mtoto wa Goreti. Mama ametutoka. Wiki ya tatu sasa." Nyanya nikairudisha kwenye fungu. Muuzaji akaniuliza kama naichukua au siichukui, nikamwangalia kama vile sijui nyanya ni kitu gani.

Nadine aliongea kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Alisema baadaye watafanya kuganduka, ndiyo siku ya kuvua msiba kwao, ukoo wote unakutana Rumonge, kule Burundi, watu wanakula, wanamsimulia marehemu. "Mama aliacha neno. Alisema kama tunataka watu wacheke siku hiyo, tumtafute Mwavita Ujiji. Alikuwa anatuhadithia ulivyoangusha chaki kisimani, halafu ukakaa chini ukalia." Akacheka kidogo. Nikacheka na mimi. Nikasema nitakuja. Ila toka siku hiyo kila nikianza kupanga maneno ya kusema, mwanzo nachekesha, katikati nachekesha, halafu nafika mahali fulani nakwama, kama punda aliyeona daraja. Ndiyo maana nimeona kwanza niandike. Mtanisamehe mwandiko na mpangilio. Elimu yangu iliishia kidato cha pili, na naomba ieleweke sikufukuzwa na mtu: hisabati ndiyo iliyonitoa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Ndio mwaka wakimbizi wa Burundi walipojaa kwetu, mitumbwi inashusha watu Katonga, inashusha watu Bangwe, mpaka ukienda kununua dagaa unajiuliza leo nitasalimia kwa lugha gani. Sisi wa bonde la Luiche, kando ya Ujiji, kule kwenye mpunga na nyanya, tulikuwa na shida yetu nyingine. Wakulima walikuwa wanalalamika maji. Wa juu anamwambia wa chini wewe unamaliza mto, wa chini anamwambia wa juu wewe unauzuia, na wote wakichoka kugombania mto wanahamia kugombania kisima. Kwa hiyo ikaundwa kamati ya maji, na kamati ikaambiwa na watu wa ofisini mjini kwamba kabla ya kugombana lazima mjue maji yapo kiasi gani na yanakwenda wapi. Wakatafuta mtu wa kupima, mwenye sifa mbili: ajue kuandika namba, na awe anaamka mapema. Ya kwanza nilikuwa nayo nusu. Ya pili sikuwa nayo kabisa. Wakanichukua mimi.

Ofisi ya kamati ilikuwa ghala la zamani la mpunga, chumba kimoja kinachonuka pumba, meza yenye mguu mmoja wa tofali. Pale ndipo alipokuja yule bwana wa mjini na pikipiki yake kunifundisha kazi. Jina lake tulilisahau siku hiyohiyo, tukamwita Bwana Vipimo. Alikuwa mwembamba, mpole, anaongea na maji kuliko anavyoongea na watu. Alinipa tepu ndefu ya chuma yenye kipande kizito mwishoni, boksi la chaki, na daftari. Unapaka chaki kwenye ncha ya tepu, unaiteremsha kisimani mpaka iguse maji, unasoma ukingoni imeingia mita ngapi, unaivuta. Palipolowa chaki inabadilika rangi. Unatoa urefu uliolowa kwenye urefu wote, unapata maji yako chini kiasi gani. Kutoa! Hisabati ilinifuata mpaka bondeni. Mtoni kazi ilikuwa rahisi zaidi, kulikuwa na ubao wa namba umepigiliwa kwenye nguzo ya daraja, unasoma tu maji yamefika wapi, unaandika, unaondoka.

"Lakini kisima," Bwana Vipimo aliniambia, kidole juu, "kisima sio mto. Kisima kinalala. Usiku hakuna anayechota, maji yanapanda polepole mpaka yanarudi mahali pake. Wewe unakipima alfajiri, kabla ya ndoo ya kwanza. Ukikipima kimeshaamka, utakuwa umepima watu, hujapima maji. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa, hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa sikuelewa ningelala vizuri.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mfano wa kuigwa. Naamka giza, natembea na tepu begani kama mcheza nyoka, wanawake wakinikuta kisimani wananisalimia kwa Kiha, wananitania, "Mwakeye, Bi Tepu! Maji yameamkaje leo?" Nawajibu yanawasalimia. Kwenye daftari kulikuwa na sehemu ya tarehe, sehemu ya saa, sehemu ya kipimo na ya jina la mpimaji. Mimi kwa akili yangu nikaona kuandika saa ileile kila siku ni kupoteza wino. Kila mwanzo wa mwezi nikawa nakaa chini naijaza sehemu ya saa yote, kutoka juu mpaka chini, saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja alfajiri, mpaka ukurasa unaisha. Jina langu pia. Nikajiona mjanja, kumbe nimejitolea ushahidi wa uongo kabla sijadanganya.

Goreti alikuja mwezi wa tatu. Sio peke yake, zilikuja kaya kama kumi hivi za wakimbizi waliokwepa malori ya kambini wakaingia bondeni kutafuta vibarua vya mpunga. Wenyeji waliwapokea, tusidanganyane, kwa sababu mikono ilikuwa inahitajika. Yeye alipewa chumba nyuma ya banda la kukamulia mawese, chumba cha udongo, ukuta mmoja umeingia mafuta mpaka ukiuegemea unang'aa mgongo. Alikuwa mrefu, mjamzito, ananizidi miaka michache, na hacheki kwa sauti, anacheka kwa mabega. Tulijuana kwa sababu ya ujinga wangu. Asubuhi moja nilipiga chafya, boksi zima la chaki likaenda kisimani. Nikakaa chini nikalia, maana lile boksi nilikuwa nimelitilia sahihi. Goreti alikuwa amekuja na ndoo. Alinitazama, mabega yakaanza. Akaenda kwake, akarudi na unga wa muhogo kwenye kiganja. Akaupaka kwenye tepu, akapuliza, akaniambia, kama mtu na shoga yake, "Pima, sha." Nikapima. Unga ukalowa pale palipolowa, mstari umenyooka kuliko wa chaki. Toka siku ile sikuhitaji chaki tena, nikawa kila siku napitia kwake kuchukua unga.

Na njia ya kisimani ilianzia mlangoni kwake. Hapo ndipo yalipo yote. Napita alfajiri kuchukua unga, ananiambia ingia kwanza kuna baridi. Naingia. Kuna maharage ya jana yamepashwa moto na mawese mapya, na ndizi zilizopondwa humo humo, yametoa ule utando wa juu ambao mimi na yeye tuliugombania kwa vijiko. Kuna chai ya mchaichai, haina sukari, lakini ana namna ya kukupa kikombe kwa mikono miwili mpaka unaiona tamu. Tunakaa. Nyuma ya ukuta wanaume wa mawese wanapiga soga, sisi tunasikiliza. "Huyu Mwavita anapima nini kila siku?" "Anapima maji." "Maji si yapo?" "Ndiyo anapima kama yapo." Goreti mabega. Ananifundisha Kirundi, mimi namfundisha matusi ya Ujiji, yale ya kistaarabu. Nikija kushtuka jua limeshapanda, saa nne, wanawake wameshachota na kuondoka, kisima kimeamka zamani kinapiga miayo. Natumbukiza tepu, naandika kipimo. Saa imeshaandikwa.

Sikuchelewa siku moja wala mbili. Ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Aliwahi kuniambia kwa nini hakupanda lori la kambini. Walipokuwa wanapanda mtumbwi upande wa pili, watu walisukumana, mumewe akabaki nchi kavu na mama yake mzee mgongoni. Alimpigia kelele kitu kimoja tu: "Tangulia, nitakukuta Ujiji." Hakusema Kasulu, hakusema Kibondo, hakusema kambi. Kwa hiyo Goreti alikata shauri hatasogea mbali na Ujiji hata kwa fimbo. Na yule mume alikuwa mtu wa mpunga, akifika Ujiji atauliza mpunga uko wapi, ataonyeshwa bonde, atapita kisimani kwa sababu kila mgeni anapita kisimani kunywa. "Mimi nakaa hapa," alisema, akagonga sakafu kwa kiganja, "hata mtoto atazaliwa hapa. Baba yake akija atukute." Alikuwa amepewa kijaruba cha mpunga kulima kwa nusu, na ule mpunga aliutunza kama nywele za bibi harusi. Mimi nilimwambia mume akija nitampima kwanza kwa tepu kama anafaa. Tukacheka. Nilikuwa na miaka ishirini, nilidhani kusubiri ni kitu cha kuchekesha.

Kiangazi kilipokaza Bwana Vipimo alikuja kuchukua madaftari, akakaa nayo siku mbili kwenye ghala la pumba anachora mistari. Halafu ukaitwa mkutano. Watu walijaa mpaka nje, wenyeji ndani, wakimbizi mlangoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Bilali, na simsemi vibaya, alikuwa mtu wa haki na nyanya zake zilikuwa zimekauka robo shamba. Bwana Vipimo akabandika karatasi ukutani. Mstari wa mto ulikuwa umelala, unashuka kidogo tu kama kila kiangazi. Mstari wa kisima ulikwenda sawasawa miezi miwili, halafu mwezi wa tatu, puu, ukaanguka na ukabaki chini. "Mto haujapungua sana," alisema kwa ule upole wake, "lakini kisima kimeshuka ghafla na hakipandi hata usiku. Maana yake kinachotwa kupita uwezo wake. Kuanzia hapa." Akaweka kidole kwenye mwezi wa tatu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mwezi wa tatu walikuja akina nani. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Basi ndio hivyo." Vichwa vikageuka mlangoni.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele, kwenye kiti, mtaalamu. Niliutazama ule mstari na nikaujua kama ninavyoujua uso wangu. Mwezi wa tatu ndio mwezi nilioanza kula maharage.

Mzee Bilali hakuwa mtu wa kukurupuka. Alinigeukia. "Mwavita binti yangu, hili jambo ni zito, kuna watu hapa watahamishwa. Hivi vipimo unachukua saa ngapi?" Swali lenyewe hilo, limenyooka, mbele ya watu wote. Nilikuwa na nafasi ya kujibu kwa neno moja. Nikaona kazi inaondoka, nikaona watakavyonicheka, Bi Tepu analala mpaka saa nne. Mdomo wangu huu haujawahi kukosa neno, ukanipa la kuchekesha. Nikasema, "Alfajiri, Mzee. Jogoo wa huku ananisubiri mimi nimwamshe." Watu wakacheka, hata Mzee Bilali. Kwa mara ya kwanza maishani nilipenda kicheko kiendelee kisiishe. Kilipoisha nikatazama mlangoni. Goreti alikuwa amesimama na mkono juu ya tumbo. Mabega yake yalikuwa yametulia.

Ikaamuliwa wakimbizi wote wa bondeni wapelekwe kambini, kama serikali ilivyokuwa imetaka toka mwanzo. Wiki moja. Wiki ile sikupita kwa Goreti, nilizunguka njia ya mtoni, mbali, kama mwizi. Nilijiambia atakuwa hajaelewa, mambo ya mistari hayo. Siku ya lori nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mpunga wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi, zilibaki kama wiki mbili. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye kanga moja. Nikaanza kupayuka, nikamwambia kambini kuna zahanati, atazaa salama, nikamwambia mume akipita nitamwelekeza, nitakaa pale pale kisimani, na akiwa na sura mbaya nitamwambia sijawahi kumsikia Goreti. Aliniacha nimalize. Kisha akachukua kibakuli chake cha unga wa muhogo, akanipa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa ananipa chai.

"Kesho upime mapema," alisema.

Ni hayo tu. Hakukaza sauti, hakukunja uso. Wakamvuta juu kwa mkono, kwa ajili ya tumbo, akakaa amegeukia barabara ya Ujiji mpaka lori likakata kona.

Kesho yake nilifika kisimani ndoo ya kwanza haijafika. Nikapaka unga, nikateremsha tepu, nikaivuta. Maji yalikuwa juu. Yalikuwa pale pale yalipokuwa mwezi wa kwanza na wa pili, kasoro kidole kimoja cha kiangazi. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, unga ukaniisha. Kisima hakikuwa kimepungua hata siku moja. Nilikaa kwenye ukingo mpaka wanawake wakaja, wakaniuliza yameamkaje leo.

Nikachukua daftari nikaenda moja kwa moja ghalani. Nataka mniamini hapa, nilikwenda kusema. Njia nzima nilikuwa narudia maneno. Bwana Vipimo alikuwepo na Mzee Bilali. Nikafungua daftari nikawaonyesha kipimo cha leo, nikavuta pumzi. Mzee Bilali akakisoma mara mbili, akampiga Bwana Vipimo begani. "Umeona? Umeona wewe! Wameondoka jana, leo maji yamerudi!" Akatoka nje akaanza kuwaita watu. Bwana Vipimo peke yake ndiye aliyenitazama. Alitazama kipimo, akanitazama mimi, akarudisha macho kwenye daftari, kwenye ile sehemu ya saa, yote mwandiko mmoja, wino mmoja, kutoka juu mpaka chini. Alizikunja kurasa taratibu. "Maji hayarudi kwa siku moja hivi," alisema, kama anaongea na pumba. Alingoja. Nadhani aliningoja mimi. Huko nje watu wameshaanza vigelegele. Nikasema, "Labda yaliona aibu." Hakucheka. Akawasha pikipiki yake, na bondeni hakurudi tena; walimtuma mwingine.

Mpunga wa Goreti ulivunwa na wenye shamba. Mzee Bilali akanigawia debe moja, kwa kazi nzuri. Ulipikwa nyumbani, wali mweupe, na samaki wa migebuka wa kuchoma, na tui. Nataka niseme ulinikaba kooni. Haukunikaba. Ulikuwa mchele mzuri, unanukia. Nilikula, tena nikaongeza.

Nilipima kile kisima miaka sita. Sikuchelewa tena hata siku moja, na sehemu ya saa niliiandika kila siku baada ya kutazama saa. Watu walidhani naipenda kazi. Ukweli nilikuwa namsubiri mtu wa mpunga mwenye mama mzee, na kila mgeni aliyeinama kunywa nilimuuliza anatoka wapi, mpaka nikapewa sifa ya kupenda wanaume wa njiani. Hakuja, au alikuja saa ambayo sipo. Kwenye simu ile ya sokoni nilimuuliza Nadine, nikajifanya nauliza tu, kama baba yake yupo. Akasema, "Baba sikumjua. Mama alisema walipotezana."

Basi nimekata shauri nitakwenda Rumonge. Nitavaa kitenge kizuri, nitasimama, nitaanza na boksi la chaki, watacheka. Nitawapa matusi ya Ujiji, yale ya kistaarabu, watacheka zaidi. Halafu nitamtafuta Nadine kwa macho, nitangoja kicheko kiishe chote, nisikifukuzie na kingine, na nitamjibu Mzee Bilali, ambaye naye ameshakwenda zake zamani. Swali lilikuwa napima saa ngapi.

Saa nne, Mzee. Nilikuwa napima saa nne.